Kutembea Bila Gunia

Ukiwaambia watu wa Kolwezi, huku kusini mwa Kongo, kwamba Jumamosi kundi lenu linaingia pori kutembea, hakuna atakayeuliza mtafika wapi. Watauliza mnafuata nini. Kobalti? Uyoga? Makala? Shamba jipya? Ukisema hamfuati kitu, kwamba mtaingia asubuhi na kutoka jioni mikono mitupu, msikilizaji atanyamaza akingoja umalizie habari. Mlinzi wa kizuizi hana subira hiyo. "Munatafuta nini mu pori?" Tunatembea tu, muzee. "Batu bazima banatembea bule?"

Simlaumu. Kuuzunguka mji huu, ardhi kubwa imekwisha kupewa namba za vibali vya madini, na mtu anayeonekana ndani ya kibali bila kofia ya kazi hudhaniwa kuwa mchimbaji, mwizi wa waya za shaba, au mwandishi wa habari. Wala si rahisi kusema ni yupi kati ya hao watatu anayechukiwa zaidi. Hata hivyo swali la mlinzi linataka jibu, nami nina langu. Mji unaoishi kwa kuchimba unahitaji walau pori moja ambalo wakazi wake wana haki ya kulipita kwa miguu, mchana kweupe, kwa makundi, bila gunia. Haki hiyo haitaletwa na waziri wala na kampuni. Itaanza na watu wanaotembea, kisha wanaandika barua.

Anayedhani natia chumvi aende upande wa magharibi ya mji, kwenye mashimo ya Mashamba. Mashamba Mashariki liko chini ya Kamoto Copper Company (KCC), ambayo mwenye hisa nyingi ni Glencore. Mashamba Magharibi na jirani yake Dikuluwe yaliingia katika ule mkataba wa 2008 na Wachina uliozaa kampuni ya Sicomines. Enzi za Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, yalichimbwa; Gécamines ilipoporomoka, pampu zikazimwa na maji yakajaa; leo bei ya shaba na kobalti imeyafufua. Ngazi zinashuka kuelekea chini kabisa, na kwenye ngazi hizo yanatambaa malori ambayo gurudumu lake limempita mtu mzima kwa urefu. Kabla ya shimo palikuwa na kilima, na kando ya kilima palikuwa na miombo. Mkazi wa leo aliyezaliwa Kolwezi hawezi kukuonyesha kilima kilikuwa wapi, kwa sababu hakuwahi kukipanda, na baba yake alikipita ndani ya basi la wafanyakazi.

Pingamizi la kwanza huwa tayari mdomoni: hayo matembezi ni mambo ya wazungu. Mwafrika hutembea akiwa na safari. Ni kweli kiasi, na ukweli huo una historia nzito kuliko wanavyofikiri wanaousema. Njia za miombo hapa Katanga zilikanyagwa na misafara. Msiri, mtoto wa mfanyabiashara kutoka Unyamwezi, aliijenga Bunkeya katika karne ya 19 ikawa njiapanda: bidhaa za Zanzibar zikitoka mashariki, za Benguela zikitoka magharibi, na katikati shaba, pembe za ndovu na watu. Kiswahili chetu kilitangulia kufika huku kwa miguu, kikiwa na mzigo kichwani, na wengi waliotembea katika mistari ile walikuwa wamefungwa shingo. Desemba 1891 msafara mwingine, wa kapteni Stairs, ulifika Bunkeya kwa niaba ya mfalme Leopold wa Ubelgiji, na Msiri akauawa kwa risasi. Karibu zaidi nasi, Mei 1978, waasi wa FLNC walitoka Angola, wakapita Zambia, wakajipenyeza porini hadi wakauteka Kolwezi. Wazee waliokuwapo hawasahau wiki ile, wala kilichofuata askari wa Ufaransa waliposhuka kwa miavuli. Kwa hiyo mzee akimwona mjukuu anaongoza watu ishirini kwa mstari kuelekea msituni, wasiwasi wake si ushamba. Ameshaona mistari ya namna hiyo.

Lakini tusiseme kwamba kutembea kwa raha hatukujui. Mwulize mama anayeuza uyoga sokoni mwezi wa Januari. Ataeleza kwamba wanatoka usiku bado haujapasuka, wanawake wa mtaa mmoja, kwamba wanaimba, wanasengenya, wanachekana, kwamba kuna mahali pa kupumzika ambapo kila mwaka hukaa hapohapo. Uyoga ni sababu yao ya kwenda. Nimekutana na waliorudi na kikapu nusu na hawakuwa na huzuni. Vijana wa skauti na wa Kiro wa parokia nao wametembea vizazi na vizazi, ila kwao kutembea kuna filimbi na kiapo, na mtu akioa anaacha. Ninachotaka ni cha hapo katikati: walimu, mafundi, wauguzi, wachuuzi, wake kwa waume, siku moja ya mapumziko, chakula kwenye mfuko, nyumbani kabla ya giza.

Na kuna cha kuona. Hapo ndipo nawashangaa wenzangu wanaolipia basi kwenda Lubumbashi kutazama wanyama ndani ya vizimba. Miombo inatembeleka kuliko misitu ya bonde la Kongo: miti ina nafasi kati yake, matawi yanakutana juu, jua linashuka kwa vipande, na macho yanafika mbali. Muputu, mutondo, musuku wenye matunda yanayoiva mvua zinapoanza. Mwezi wa Agosti na Septemba, wakati ardhi imekauka na hakuna aliyeona wingu tangu Mei, miti inatoa majani mapya mekundu, ya rangi ya shaba, ya zambarau, kabla hata tone moja halijaanguka. Mizizi imekwenda chini kuchota akiba ya mwaka uliopita. Kisha kuna vichuguu. Vichuguu vya Katanga si vile vya kufika kiunoni. Vingine vimepita mita 5, vichache vinakaribia 8, kila kimoja kina miti yake juu, tofauti na ya jirani, na katika hekta moja utahesabu vitatu au vinne. Vimejengwa na mchwa kwa karne nyingi. Karibu na mji vimekatwa kwa ajili ya matofali, kwa sababu udongo wake ni mfinyanzi mzuri kuliko wote, na ukiangalia ukuta wa nyumba nyingi za Kolwezi unaangalia kichuguu kilichochomwa.

Ukishuka bondeni unakuta mushitu, msitu mnene unaoshikamana na maji, kiza na ubaridi. Ukipanda sana unaweza kufika dilungu, nyasi tupu za nyanda za juu. Kila kimoja kina harufu yake. Kundi lenye mzee mmoja anayejua majina litatembea polepole mno, na hilo ni jambo jema.

Lakini cha ajabu kuliko vyote ni vilima vya shaba. Unatembea chini ya miti, na ghafla miti inaisha. Mbele kuna kilima chenye nyasi na maua, uwanda wazi ambao si kazi ya moto wala ya jembe. Udongo wake una shaba na kobalti kwa kiasi kinachoua mizizi ya miti, na mimea iliyobaki ni ile tu iliyojifunza kuishi na sumu. Kuna Haumaniastrum katangense, mmea mdogo unaoitwa ua la shaba. Kuna Crotalaria cobalticola, wa jamii ya kunde, ambao jina lake lenyewe limebeba kobalti. Wataalamu wamehesabu aina za mimea zaidi ya 500 kwenye vilima hivi, na thelathini na kitu kati yake hazioti mahali pengine popote duniani isipokuwa juu ya miamba ya shaba ya Katanga. Mababu wa Wasanga walijua kuusoma upara huo muda mrefu kabla mwanajiolojia Jules Cornet hajapita huku mwaka 1892 na kuandika taarifa iliyowatoa Wabelgiji udenda. Walipanda kilima, wakachimba malakiti ya kijani, wakayeyusha, wakafua misalaba ya shaba iliyosafiri hadi mbali. Na ua la shaba halikuwaacha: linaota pia mahali walipoyeyushia, kwenye mabaki ya tanuru, kiasi kwamba waakiolojia wamelitumia kutafuta viwanda vya kale.

Sasa fikiria hesabu yake. Mmea unaoishi juu ya shaba peke yake umechagua anwani ambayo kila kampuni duniani inaitafuta. Vilima vya kuzunguka Kolwezi vingi vimekuwa mashimo. Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Gembloux, Ubelgiji, wamefanya kazi ya miaka mingi upande wa Tenke na Fungurume, kukusanya mbegu na kuhamisha udongo na mimea yake kabla ya mitambo kufika. Kazi ya heshima. Lakini mimea inayojulikana na maprofesa kumi na kupuuzwa na mji mzima haina mtetezi siku ya kikao. Kama watoto wa Kolwezi wangekuwa wanapanda kilima kimoja cha shaba kila Aprili, maua yakiwa bado yapo, mazungumzo na mwenye kibali yangekuwa na sauti nyingine.

Nitaambiwa pori ni hatari. Ni hatari, na si kwa sababu ya nyoka. Hatari kubwa ya pori la Kolwezi ni shimo la mchimbaji lililoachwa. Sheria inasema uchimbaji wa mikono usipite mita 30 kwenda chini; wanaochimba wanajua kuna mashimo yaliyokwenda mbali zaidi, na madini yakiisha hakuna anayefukia. Mvua mbili, nyasi zinafunika mdomo. Kwa hiyo kundi litembee kwa mstari mmoja, juu ya njia iliyokanyagwa, mbele akiwa mtu wa kijiji hicho na nyuma mtu mzima asiyependa kukimbia. Anayetaka kupiga picha asirudi nyuma bila kuangalia. Watoto washikwe mkono karibu na udongo ulioinuka wa rangi isiyofanana na mwingine. Mahali ambapo wachimbaji wangali kazini, pitieni mbali, kwa salamu. Wale ni watu wazima kwenye kazi ya kufa na kupona, hawako pale kutazamwa. Juni 2019 zaidi ya watu arobaini walifukiwa hapohapo jirani, ndani ya eneo la KCC. Mtu asiende kwao na kamera.

Jambo la pili ni maji. Beba ya kutosha kutoka nyumbani, lita mbili au tatu kwa kila mtu, kwa maana ya mito usiyaamini hata yakiwa maangavu. Wakazi wa kando ya Musonoi na Luilu wamelalamika miaka mingi kuhusu maji ya viwanda, na ripoti ya mashirika ya RAID na AFREWATCH ya Machi 2024 ilikusanya malalamiko ya vijiji vya kuzunguka migodi: samaki waliotoweka, ngozi zinazowasha, mashamba yaliyoungua. Matembezi ya kundi yana faida hapa ambayo hakuna aliyeipanga. Watu ishirini waliouona mto uleule mwezi wa Juni na tena mwezi wa Oktoba ni mashahidi, na mashahidi wenye tarehe.

Msimu mzuri ni Mei hadi Agosti. Asubuhi ya Julai ina baridi ya kutafuna vidole. Ondokeni hivyohivyo, kwani saa sita jua litakuwa limegeuza kila kitu. Septemba moto wa nyasi unapita na moshi wake, basi heri kungoja. Wakati wa mvua njia ni tope na radi za Katanga hazina mzaha, ila huo ndio wakati wa uyoga, na anayetaka kwenda aende na akina mama wanaoujua, asichume kwa kubahatisha: ule unaoua haufanani na kifo. Chakula kiwe cha kushika mkononi. Bukari ya baridi na samaki wa kukaushwa inatosha, na chupa ya munkoyo kwa mtu atakayejitolea kuibeba. Kabla ya yote, pitieni kwa chifu, kwa adabu, na kitu mkononi, mmweleze mnapita wapi na mnarudi saa ngapi. Ardhi ile ina makaburi na ina miti isiyoguswa. Barua ya chifu, kwa uzoefu wangu, inafungua kizuizi kuliko kitambulisho cha mji.

Mara nyingi njiani mtakutana na baiskeli za makala zinakuja upande wenu, magunia manne au matano, mtu anasukuma, haendeshi. Kuna watembeaji wanaoanza kunung'unika hapo kuhusu ukataji wa miti. Wanyamaze. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa shaba tani zaidi ya 470,000. Mwaka 1994 zilikuwa kama 30,000. Mshahara ulipokatika pori ndilo lililolipa. Na hata leo, ambapo tani zimerudi na kupita, umeme wa mabwawa ya Nzilo na Nseke, yaliyojengwa juu ya Lualaba miaka ya 1950, unawahi mgodini kabla ya jikoni. Familia ya Kolwezi inapikia makala kwa sababu waya unapita juu ya paa bila kushuka. Msukuma baiskeli anahudumia jiko lako wewe unayemnung'unikia. Mpeni maji.

Je, kuna mahali ambapo watembeaji waliwahi kuokoa pori la mji? Nairobi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 msitu wa Karura, zaidi ya hekta 1,000 ndani ya jiji, ulikuwa ukigawiwa wajenzi vipande vipande. Wangari Maathai na wenzake waliingia kupanda miti; tarehe 8 Januari 1999 walipigwa na kundi la watu waliokodiwa, yeye akatoka damu kichwani. Sehemu hiyo wengi wanaijua. Iliyofuata inasimuliwa mara chache, nami naiona ndiyo yenye funzo kwetu. Msitu uliookolewa ulibaki miaka kumi bila watu, ukaogopwa kwa sababu ya majambazi, na msitu unaoogopwa ni rahisi kuumega tena. Wakazi wa jirani, pamoja na wale wa Huruma, kijiji cha maskini pembeni mwa msitu, wakaunda chama kwa kutumia sheria ya misitu ya 2005 iliyoruhusu jamii kusimamia pamoja na serikali; uzio ukajengwa, njia zikawekewa alama, na tangu 2011 watu wanaingia kwa tikiti kutembea na kukimbia. Leo anayeugusa Karura anaugusa uwanja wa maelfu ya familia za mwisho wa wiki, na kelele zake husikika nchi nzima.

Wenzetu wa miji ya viwanda walipitia hayo mapema. Aprili 1932 mamia ya vijana, wengi wafanyakazi wa Manchester, walipanda mlima wa Kinder Scout ambao wenye ardhi walikuwa wameufunga kwa ajili ya kuwinda ndege. Watano walifungwa jela. Sheria ya hifadhi za taifa ya Uingereza ilikuja mwaka 1949. Miaka 17, na walikuwa na bunge linalokaa karibu.

Sisi hatuanzi mikono mitupu. Amri ya serikali namba 14/018 ya tarehe 2 Agosti 2014 inairuhusu jamii ya mahali kupewa msitu wake, hadi hekta 50,000, bila malipo na bila ukomo wa muda. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inazitaka kampuni zitoe asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii. Fedha hizo kwa kawaida zinajenga darasa, kisima, kituo cha afya, na ni sawa; ila sioni kwa nini kijiji kimoja upande wa Nzilo, ambako watu wa mji tayari wanakwenda Jumapili kula samaki ufukweni, kisiombe msitu wake, kikatenga njia ya kilomita kumi au kumi na mbili, kikaweka vijana wawili wa kuongoza na mama wa kupika, na ada ikabaki kijijini. Chifu atauliza faida yake iko wapi ukilinganisha na makala. Swali la haki, na mwaka wa kwanza jibu litakuwa dogo. Makala nayo ina mwaka wake wa mwisho, na kuna vijiji vya barabara ya Likasi vilivyokwisha kuufikia.

Kinachokosekana ni wale watu ishirini. Pa kuanzia ni ramani ya Kadasta ya Madini, CAMI, ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua kwenye simu na kuona vibali vilivyobandikwa juu ya jimbo la Lualaba, mraba kwa mraba. Mahali pasipo na mraba bado papo. Kundi lichague pamoja, liende Jumamosi pamoja na mwenyeji, liandike lilichokiona na jina la kila kijito, na Jumatatu nakala moja ya maandishi hayo ipelekwe kwa chifu, nyingine kwa ofisi ya mazingira ya jimbo, na itiwe mhuri wa kupokelewa.